Naomba ushauri: fedha za marehemu ziende kwenye tuzo ya uandishi au kusomesha wanafunzi?

Wakuu, habari zenu. Mhariri aliyenifundisha kazi alifariki, akaacha wosia kwamba sehemu ya mali yake isaidie uandishi wa habari. Familia imetukabidhi mimi na wenzangu wawili tusimamie, na tumekwama.

Mmoja anataka tuzo ya kila mwaka. Mimi moyo wangu uko kwa wanafunzi. Niliwahi kuona binti akiandika habari ya uchunguzi yote kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, muhula uliofuata akaacha chuo kwa kukosa ada. Tuzo ingemfikia wapi huyo?

Najua vyote viwili vinawezekana. Joseph Pulitzer, mmiliki wa magazeti wa Marekani, alikiachia Chuo Kikuu cha Columbia dola milioni 2, robo yake akaitenga kwa tuzo na ufadhili wa masomo. Tuzo zilianza kutolewa 1917 na zipo hadi leo. Lakini fungu letu ni dogo. Tukiliwekeza na kutumia faida tu, labda asilimia 4 kwa mwaka, litasomesha mwanafunzi mmoja, basi.

Linaloninyima usingizi zaidi ni kampuni iliyojitolea kutuongezea fedha, ila inataka kiti kwenye jopo la majaji. Siku mwandishi akileta habari inayoichunguza kampuni hiyohiyo, itakuwaje?

Mliowahi kusimamia mfuko wa namna hii, mliandika nini kwenye katiba yake ili mfadhili asiguse uamuzi? Na mtaji mdogo, ni bora utumike wote kwa miaka 5 au ulindwe?