Jamaa wa Chengdu ameandikwa Mtibeti ila Kitibeti hajui hata salamu, hii imekaaje?

Msomi_wa_Sichuan:
Wakuu habari za jioni. Nipo Chengdu, mkoa wa Sichuan huku Uchina, nasoma, pale maabara kuna jamaa tumezoeana sana, juzi nikaona kitambulisho chake kimeandikwa kabila Mtibeti (huku kabila linaandikwa kabisa kwenye kitambulisho) nikamwambia basi nifundishe salamu za Kitibeti, akacheka sana akasema hajui hata neno moja, bibi yake hajui, na kijijini kwao hakuna anayejua. Kwao wanaongea kitu kinaitwa Kiersu. Yeye mwenyewe anakisikia tu, bibi akimwongelesha anajibu kwa Kichina cha huku Sichuan. Nimegugo nimekuta mambo ya kitaalamu mazito halafu machache. Hawa Waersu ni kina nani, na mtu anaandikwaje Mtibeti wakati lugha yake ni nyingine kabisa? Na hiyo lugha kweli inakufa au ndo yale yale ya watafiti kutafuta hela? Kwao ni Ganluo kama kuna anayepajua.

Babu_Isimu:
Ganluo ipo kusini mwa Chengdu mkuu, ukipanda treni ya ile reli ya zamani ya Chengdu hadi Kunming iliyofunguliwa 1970 unapita hapo hapo, milima na mahandaki mwanzo mwisho. Kiutawala ipo Liangshan, eneo la Wayi, kabila jingine la huko. Waersu wapo hapo Ganluo na Yuexi, halafu Shimian na Hanyuan kule kwenye mto Dadu.

Habari ya kitambulisho ni ndefu. Serikali ya Uchina ilianza miaka ya 50 kupanga watu kwenye makabila rasmi, leo yapo 56 na haliongezwi jingine. Sasa watu wa milima ile ya Sichuan na mkoa jirani wa Yunnan walikuwa wanaitwa na Wachina kwa jina moja la jumla, Xifan, jina lenyewe lina dharau kidogo. Wale Xifan waliokuwa Yunnan mwaka 1960 wakapewa kabila lao rasmi, Wapumi. Wa upande wa Sichuan wakaishia kuwekwa kwenye Watibeti. Yaani Mpumi akiwa Yunnan ni Mpumi, ndugu yake wa lugha ile ile akiwa Muli, Sichuan, ameandikwa Mtibeti, mpaka wa mkoa tu ndo umewatenga. Waersu wao wapo Sichuan, kwa hiyo wote Watibeti kwenye karatasi.

Kilugha lakini hapana. Wataalamu wengi wanakiweka Kiersu kwenye tawi la Kiqiang (kundi la lugha za milima ya huko), ndani ya ile familia kubwa ya Kichina na Kitibeti. Undugu na Kitibeti upo ila ni wa mbali, huwezi kuongea hiki ukaelewana na wa kile.

mama_Zuhura:
Kwa hiyo hao wanahesabiwa Watibeti kwenye sensa, na lugha yao haihesabiwi popote? Sisi Tanzania baada ya sensa ya 1967 kabila haliulizwi tena, wao wanauliza kabila lakini lugha hawaulizi, mwisho wa siku wote hatujui nani anaongea nini 😅

Babu_Isimu:
Umeshika penyewe dada. Ndo maana namba utakazokuta mtandaoni zinazunguka zile zile za Sun Hongkai, profesa wa Beijing aliyezunguka kule na kuandika mwanzoni mwa miaka ya 80, alikadiria kama watu 20,000 ukijumlisha matawi yote matatu. Na matawi yenyewe hayalingani hata kidogo, Kiersu chenyewe cha mashariki (hicho cha huyo jamaa) ndo kina watu wengi, Kilizu kipo magharibi kando ya mto Yalong, halafu cha kati, Kiduoxu, kule Mianning, hicho wamebaki wazee wa kuhesabu na mara nyingi wanakumbuka maneno kuliko kuongea. Cha ajabu hicho kilicho hoi ndo kina maandishi ya zamani, kuna orodha ya maneno ya Kiduoxu na Kichina iliyoandikwa enzi za wafalme wa Qing wa Uchina karne ya 18, Mjapani mmoja Nishida Tatsuo akaichambua akatoa kitabu 1973. Wengine wanasema ni lahaja tatu za lugha moja, wengine ni lugha tatu, mimi nipo na hao wa pili maana wenyewe hawaelewani.

Kamau254:
Sawa lakini niulize tu, hasara iko wapi? Huyo jamaa yuko chuo Chengdu, ana maisha. Angekaa na Kiersu chake mlimani angefika hapo? Na nimesikia wa makabila madogo huko wanaongezewa alama za kuingia chuo, hiyo label ya Mtibeti si imemsaidia.

Babu_Isimu:
Hujakosea kuhusu alama, kuna faida na ndo maana wengi wao hawana haraka ya kugombana na serikali. Ila hilo la Kiersu AU Kichina sio kweli kaka. Waersu wa Ganluo zamani walikuwa wanaongea Kiersu nyumbani, Kiyi na majirani, Kichina sokoni, lugha tatu bila kwenda shule. Kilichobadilika ni shule ya Kichina kuanzia mtoto mdogo, vijana kwenda kutafuta kazi mijini, na kuoana na Wahan (Wachina wale walio wengi) na Wayi, hapo nyumba inachagua lugha moja na kila siku inachaguliwa ile kubwa.

Na angalia hao hao Wayi majirani zao. Kiyi kina waongeaji kama milioni mbili, kina maandishi rasmi tangu 1980, kinafundishwa, kina redio. Kwa nini? Kwa sababu kabila na lugha vimeandikwa jina moja. Mersu akisema nataka shule kwa lugha ya kabila langu, lugha ya kabila lake kwa karatasi ni Kitibeti! Anapewa kitu kigeni kama Kichina, bora hata Kichina amekizoea. Hapo ndo kidonda kilipo kwa maoni yangu, watu hawakukatazwa kuongea, ila hakuna dirisha la serikali ambalo lugha yao inatambulika.

Pwani_Tupu:
Mmesahau maandishi yao wakuu!! Waganga wao wanaitwa shaba, wana vitabu vya michoro vya kupigia ramli, kuangalia siku njema na siku mbaya, baba anamrithisha mtoto. Michoro ya wanyama, nyota, vyombo, na RANGI nayo inasema kitu, mchoro ule ule ukiupaka rangi nyingine maana inabadilika. Huyo huyo Sun Hongkai ndo aliwajulisha wataalamu wengine. Sio maandishi ya kuandikia barua lakini, mchoro mmoja unaweza kuwa maelezo marefu ambayo shaba anayajua kichwani, shaba akifa bila kurithisha unabaki na picha tu.

Msomi_wa_Sichuan:
Daah asanteni sana, sikutegemea. Nimemsomea jamaa kwa kutafsiri, hiyo ya Wapumi amesema ni kweli kabisa, ila ya shaba anasema kwao hajawahi kuviona hivyo vitabu. Bibi yake bado yupo Ganluo ana nguvu zake, anataka akienda likizo amrekodi hadithi. Aanzie wapi? Na lugha yenyewe ngumu kiasi gani?

Babu_Isimu:
Ngumu ila tamu. Ina toni (sauti ikipanda au kushuka neno linabadilika maana), kitenzi kinakaa mwisho, na vitenzi vinabeba viambishi vya kuonyesha jambo linaelekea juu au chini, ndani au nje, watu wa milimani hao. Kuna pia vijineno vya kuonyesha habari umeisikia kwa watu hukuiona mwenyewe, kama "eti" yetu ila wao imekaa ndani ya sarufi. Kuna sarufi nzima ya Zhang Sihong, tasnifu yake ya 2013 chuo cha James Cook Australia, mwambie aitafute. Na Katia Chirkova wa CNRS, taasisi ya utafiti ya Ufaransa, amefanya kazi nyingi kule.

Kurekodi: asitumie sauti za WeChat (app ya meseji ya Wachina), zinakata sekunde 60 na zinabanwa. Simu iwekwe karibu na bibi, mbali na jiko na televisheni, faili iwe wav, aina ya faili ya sauti isiyobanwa. Na muhimu kuliko yote asimuulize maneno moja moja bibi kama mtihani, amwache aongee, halafu akae naye siku hiyo hiyo wasikilize pamoja bibi amweleze kila sentensi kwa Kichina na hiyo nayo arekodi. Rekodi isiyo na maelezo miaka ishirini mbele hakuna wa kuifungua.

mama_Zuhura:
Na akumbuke kumwomba ruhusa bibi kabla hajaziweka mtandaoni, wazee wana mambo yao hawataki yasikike na kila mtu