Bodi ya NGO imejaa ndugu wa mkurugenzi, tuanzie wapi?

Wakuu habari, NGO yetu ipo Morogoro, mwanzilishi ndo mkurugenzi na bodi ni mke wake, shemeji na mchungaji wao, sasa mfadhili anataka bodi huru. Msaada jamani.

Mdau: Fungueni katiba yenu mkuu, muone nani anateua bodi. Kama ni mkutano mkuu itisheni, mkurugenzi abaki katibu bila kura, na saini za benki zisiwe za mtu na mkewe, hapo ndo hela zinapopotelea.

Dada K: Mchungaji msimtupe, mwekeni kamati ya ushauri. Hiyo inashauri tu, bodi ndo inapitisha bajeti na kumwajibisha mkurugenzi. Ripoti ya mwaka kwa Msajili wa NGO ni lazima, Sheria ya NGO Na. 24 ya 2002.

Muulizaji: Nimeangalia, ni mkutano mkuu. Haujawahi kuitishwa tangu tusajiliwe.