Pikipiki imekufa juu ya Mushaki. Ninaishusha vipi hadi Goma?

Kijana wa Fromaji

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nina swali na sina muda mwingi, maana pikipiki imelala kwa watu tangu juzi.

Mimi hupanda milima ya Masisi, huku Kongo mashariki, mara mbili kwa wiki kuchukua fromaji (jibini) kwenye mashamba ya ng'ombe, nazishusha Goma, na akina mama wa sokoni hunipokea. Juzi nilikuwa na vipande 32 nyuma, vile vya mviringo mnavyovijua. Niko kwenye njia ya ng'ombe juu ya kijiji cha Mushaki (si barabara, ni njia tu, mvua ikinyesha ni matope matupu), moteri (injini) ikaanza kugonga kama mchi kwenye kinu. Nikasema acha nifike barabarani kwanza. Sikufika. Gurudumu la nyuma likashika ghafla, nikajikuta nimekaa kwenye majani, na fromaji zinabingirika kuelekea mji wa Sake kule chini kabla yangu. Niliokota 29.

Kiki ya kuwashia haishuki hata kidogo. Nilipofungua kifuniko cha mafuta ya moteri (oili), mle ndani hamna hata ya kupaka mkate. Ndipo nikaelewa: siku moja kabla nilibadilisha mafuta kwa fundi mmoja mjini, simtaji, na bulo (boliti) ya chini ya moteri hakuikaza. Imedondoka njiani. Mafuta yangu yote yako Sake, Mushaki na katikati.

Pikipiki ni Boxer. Nimeiacha kwa mzee mmoja mfugaji, ameifunika turubai. Dereva wa kamio (lori) la viazi ameniomba dola 40, tena niifikishe mwenyewe barabarani. Faida ya fromaji zote 29 haifiki hapo. Mwenzangu ana pikipiki nzima na kamba. Je, naweza kuvutwa hadi Goma bila kuvunja kitu, au mimi mwenyewe?

Fundi Birere

Mdogo wangu, pole. Kwanza, mtu yeyote asikanyage hiyo kiki kwa hasira. Pistoni imeshika kwenye silinda. Ukilazimisha unaongeza hasara. Toa buji (plagi), mimina kijiko cha mafuta ya moteri kwenye tundu lake, acha ilale. Asubuhi ikilegea usifurahi, na usiiwashe. Hiyo ni ya kufungua tu.

Kuhusu kuvuta. Kushika ambreyaji (klachi) njia nzima mkono utakufa ganzi kabla hujaona lami. Toa vitesi (gia iwe huru), halafu toa cheni kabisa. Kuna kiungo chenye klipsi, koleo dogo linatosha. Weka klipsi mfukoni na ufunge mfuko, nimeona watu wakiitafuta kwenye matope kwa tochi. Cheni ikitoka, gurudumu la nyuma halijui tena kama kuna moteri. Likibaki zito, basi ni freni.

Kamba iwe mita 4 au 5. Mbele ifungwe kwenye chasi chini ya kiti cha mwenzako, si kwenye chuma cha mizigo, hicho kitang'oka. Kwako wewe USIFUNGE FUNDO. Zungusha mara mbili kwenye usukani karibu na katikati, ncha uishike pamoja na mpini. Ukiona unaanguka, unaachia tu. Aliyefunga fundo huburutwa kama mbuzi wa sikukuu. Katikati ya kamba ungia kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, mshtuko unapungua.

Anayevuta abaki vitesi ya kwanza na ya pili. Wewe wa nyuma ndiye wa kugusa freni kidogo kidogo, kamba isilegee. Kamba ikilegea inaingia kwenye gurudumu lako la mbele na hadithi imeisha.

Kijana wa Fromaji

Asante sana, yaya (kaka). Sasa, kutoka Mushaki hadi Sake ni kushuka tu, kona juu ya kona. Huko pia kamba?

Fundi Birere

Hapana! Kwenye mteremko fungua kamba, shuka kwa freni zako, simama mara kwa mara zipoe. Kamba ni ya tambarare.

Mzee wa Magunia

Mnazungumza kamba na klipsi, na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zinawapita kila asubuhi. Kijana wangu, mimi nimeshusha njia hiyo miaka mingi, magunia matatu ya viazi kwa safari moja, siku nyingine na mtu juu. Boxer yako ni kilo mia na kitu. Huo ni mzigo wa mtoto.

Mwaga esansi (petroli) yote kwanza, toa na betri. Ondoa gurudumu la mbele na usukani. Ilaze juu ya ubao, moteri ikae karibu na gurudumu la nyuma la chukudu, maana freni yetu ni kipande cha tairi tunachokanyaga huko nyuma, na bila uzito haishiki. Funga kwa mipira, si kwa nailoni. Nailoni inalegea, mpira unaendelea kuuma.

Tena hao vijana wanajua kila jiwe. Huyo mwenzako wa kamba anajua?

Dada wa Theluji

Nimecheka hizo fromaji, samahani. Nimezaliwa Himbi, mtaa wa Goma, sasa niko Québec, Kanada, huku ambako kampuni ya Bombardier ilianza kuuza Ski-Doo, pikipiki za theluji, mwaka 1959. Zikizimika mbali porini, shida ni hiyo hiyo yenu. Cha kwanza tunatoa mkanda unaopeleka nguvu ya moteri kwenye ule mpira mpana wa chini, ndiyo cheni ya Fundi hiyo. Halafu kamba inafungwa pande mbili, kwenye vyuma vinavyoshika mbao za kutelezea, si kwenye ncha zake. Na lazima mtu akae juu ya ile iliyokufa, ashike freni. Mume wangu aliona kazi ya bure kukaa kwenye baridi, akaivuta tupu. Mteremkoni ikamfuata ikampiga mgongoni.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mzee wa chukudu.

Kijana wa Fromaji

Nimerudi, wakubwa.

Tulitoa cheni kama Fundi alivyosema, watu wanne tukaisukuma hadi barabarani, nusu siku. Hapo nikampata kijana mwenye chukudu anashuka na makala (makaa) nusu mzigo. Tulielewana faranga kidogo na fromaji mbili. Mzee, ulisema kweli: kona ya tatu mimi nilikuwa nimefumba macho, yeye anapiga mluzi. Harufu ya ile tairi ya freni bado iko kwenye shati langu.

Sake tukarudisha gurudumu na usukani. Kwa zile kilomita 25 hivi hadi Goma kamba nilitumia mwanzo tu. Baadaye mwenzangu aliweka mguu wake kwenye chuma cha kuwekea mguu cha pikipiki yangu, akanisukuma kutoka pembeni. Polisi wa barabarani walitutazama, wakaona hatuna cha kutoa.

Silinda imefunguliwa leo. Mikwaruzo mirefu, segma (ringi ya pistoni) moja imevunjika vipande viwili. Yaya, unaweza kunionea bei ya silinda na pistoni hapo mtaani Birere? Bulo ya chini nitainunua mwenyewe, na nitaikaza mwenyewe.

Fundi Birere

Pita kesho kabla ya saa nne. Njoo na ile silinda, tupime kwanza. Na kama kuna fromaji isiyo na majani, usiisahau.