Mjadala: Je, dawa ya kuua konokono imwagwe kandokando ya Ziwa Victoria?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba kingatiba ya kichocho inayotolewa shuleni imeshindwa, na kwamba njia iliyobaki ni kumwaga niklosamaidi, dawa ya kuua konokono, katika mialo yote ya Mwanza hadi konokono wanaoeneza kichocho waishe. Kuhusu ukubwa wa tatizo nakubaliana naye kabisa. Tiba anayoipendekeza ndiyo ninayoipinga.

Kingatiba haijashindwa, bali ina mipaka yake. Mwanafunzi husimamishwa kwenye ubao wenye alama za urefu ili ijulikane ameze vidonge vingapi, hupewa prazikwanteli akiwa ameshakula, na minyoo iliyokomaa katika mishipa yake ya damu hufa. Iliyo michanga husalimika, na dawa yenyewe haimwachii kinga, hivyo mtoto anayerudi kuoga ziwani mchana, saa za jua kali ambazo konokono wa kichocho cha tumbo hutoa vimelea kwa wingi, huweza kuambukizwa upya. Isitoshe, mvuvi aliyeko dagoni, yaani kambini kwa wavuvi, na mama anayeosha vyombo mwaloni hawamo katika daftari la shule, ilhali mayai ya minyoo yao huingia katika maji yaleyale. Tuanze kwa kuwafikia hao. Hata watoto wadogo sasa wana matumaini, kwa kuwa mwaka 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kuunga mkono aina ya dawa hii iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye umri wa miezi 3 hadi miaka 6.

Niklosamaidi huua konokono kweli, lakini huua samaki pia. Kingo zenye kina kifupi na majani, ambako konokono hao hujificha, ndiko vifaranga vya sato hukulia, na sioni ni kwa haki gani tungewaambia wavuvi wavumilie hasara hiyo. Tena ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800: mawimbi huizimua dawa, na magugu maji yanayosukumwa na upepo huweza kuleta konokono wengine. Katika malambo na mifereji ya mpunga, ambako kichocho cha mkojo huenezwa na konokono wa jamii nyingine, hoja yake ina uzito zaidi, kwa sababu maji ni machache na kipimo cha dawa kinaweza kusimamiwa.

Mwanza ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na pia kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi. Ningependa wataalamu wa pande zote mbili wapime mwalo mmoja kwa wakati mmoja, yaani konokono, samaki na wakazi, kabla ya mtu yeyote kufungua dumu la sumu.

Wakati huo, fedha zijenge vyoo na mabafu mialoni. Vimelea vilivyokwisha kutoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi visipompata binadamu, kwa hiyo maji ya ziwa yasiyo na konokono, yakituama tangini kwa muda huo, hufaa kuogea. Mchangiaji mwenzangu atueleze: dawa ikimwagwa leo katika mwalo ulio wazi, itarudiwa mara ngapi kwa mwaka, na ni nani atakayewalipa wavuvi?