Ofisi imetuhamishia LibreOffice kwa kushtukiza, bosi kabaki na Microsoft yake. Nimechoka!

Wakuu habari za usiku. Ndiyo kwanza naingia nyumbani saa hizi, wali unapoa mezani, lakini nisipolisema hili silali.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Miaka yote tumetumia Office ya kuchakachua, ile fundi anakuja nayo kwenye flashi. Ikianza kuleta maandishi mekundu kwamba haijalipiwa, anaitwa tena, anapewa buku kumi, kazi inaendelea. Sasa mteja mmoja mkubwa wa nje akatuma fomu anataka kuona leseni zetu. Bosi akashtuka. Akaulizia bei ya kulipia watu wote, akashtuka zaidi. Jumatatu tunaingia ofisini: Word hakuna, Excel hakuna, kuna LibreOffice, ile programu ya ofisi ya bure. Kijana wa fildi anatuambia, "Ni kama ile ile tu, mtazoea."

Ile ile wapi? Wiki ya kwanza barua zote zilijihifadhi kwa odt, aina ya faili ya LibreOffice, wateja wanazifungua kwenye simu zinagoma, wanatupigia kutuuliza kama tuna akili timamu. Kumbe kuna mahali kwenye mipangilio unachagua mara moja tu, kila kitu kinakuwa docx, ile ya Word. Nani alituambia? Hakuna. Nimegundua mwenyewe siku ya tisa.

Kilichonivuruga leo ni zabuni. Kurasa 22, nimeipanga ikapangika. Namtumia bosi apitie. Bosi ana Microsoft 365 ya kulipia, yeye na mhasibu tu, sisi wengine ndio tuliokombolewa. Anafungua: jedwali la bei limekatika katikati, jumla imerukia ukurasa wa pili, nembo imekalia anwani, na sehemu ya sahihi iko peke yake ukurasa wa 23 kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikafokewa mbele ya madereva. Narekebisha, anaongeza neno moja, inarudi kwangu imeparaganyika upya. Mara nne! Na msiniambie nitume PDF, maana yeye lazima aongeze neno lake.

Chanzo nimekipata jioni. Kiolezo alikitengeneza yeye kwenye Word yake mpya, ambayo fonti yake ya kuanzia siku hizi ni Aptos. Kwetu haipo, kwa hiyo kompyuta inabandika nyingine inayoona inafaa, upana wa herufi unabadilika, mistari inahama. Programu haina kosa hapo. Kosa ni kuwa na ofisi moja yenye nyumba mbili zinazorushiana faili lile lile kutwa nzima. Tungehama wote, au tungebaki wote, zabuni ingeisha saa nane mchana.

Najua watakuja wa "mnaogopa mabadiliko". Ndugu yangu, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, menyu kwa Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice ya asili mwaka 2010. Sisi si wageni wa programu huria. Ila jiji la Munich kule Ujerumani liliamua kuhama mwaka 2003, likamaliza 2013, kompyuta karibu 15,000, na bado mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Wao miaka kumi, sisi wikendi moja na kijana wa fildi! Hata nusu siku ya mafunzo hatukupewa.

Halafu kuna faili la ushuru. Alilitengeneza jamaa aliyeacha kazi zamani, la Excel lenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe: unaingiza thamani ya mzigo, nauli ya meli na bima, unabonyeza kitufe, linakupa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 juu yake. Kwenye Calc, ile Excel ya LibreOffice, kitufe kipo, kizuri, cha kijani. Unabonyeza, kimya. Nasikia Calc inazielewa baadhi ya makro za Excel, si zote, na hizi zetu ndizo haizielewi. Mhasibu kwake linafanya kazi, lakini laptopu yake haigusi mtu.

Mwenye uzoefu wa kuhamisha makro aniandikie hapa hapa usiku huu. Kesho saa mbili asubuhi kuna makontena mawili yanasubiri hesabu, na nitazipiga kwa kikokotoo cha simu.