Binti anataka udaktari wa familia, mjomba wake anaguna

Mzazi, Arlington:

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Binti yangu yuko mwaka wa tatu wa baiolojia, anajiandaa kwa MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Tangu aanze kujitolea kwenye kliniki ya bure, haoni fani nyingine ila udaktari wa familia. Mjomba wake wa Mombasa anaguna: "Asome miaka yote hiyo, kisha awe daktari wa kutibu mafua?" Baba yake yeye hofu yake ni deni. Mliomo kwenye kazi hii mnasemaje?

Daktari wa familia, Fort Worth:

Dada, mjomba tummalize kwanza. Huku Marekani daktari wa familia ni daktari bingwa mwenye bodi yake tangu 1969: miaka minne ya chuo cha udaktari, kisha mitatu ya residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini. Kenya nako, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha mabingwa hawa mwaka 2005 pale Eldoret. Aulize tu.

Shemeji ndiye mwenye hoja. Kati ya mabingwa, sisi tuko upande wa chini wa mishahara, na sheria ya Julai 2025 imebana mikopo. Kwa wakopaji wapya, Grad PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa wanaosomea shahada za juu, inakoma Julai 1, 2026. Mwanafunzi wa udaktari anakopeshwa na serikali kuu mwisho dola 50,000 kwa mwaka, na 200,000 kwa jumla. Kinachozidi hapo ataenda kukitafuta benki, na mkopo wa benki haumo kwenye PSLF, ule msamaha wa serikali ambao watu wanafutiwa deni baada ya malipo 120 wakifanyia kazi serikali au mashirika yasiyo ya faida. Kwa hiyo chuo cha bei nafuu ndicho kitakachomwachia uhuru wa kuchagua fani yenye mshahara mdogo. Vyuo vya umma vya Texas vinatenga angalau asilimia 90 ya nafasi kwa wakazi wa jimbo. Aanzie humu humu, majina makubwa ya Boston yasimtie wazimu.

Texas Tech, Lubbock, wana njia ya miaka mitatu badala ya minne kwa walioamua udaktari wa familia. Hapa Fort Worth kuna chuo cha TCOM, kinachotoa DO, shahada ya udaktari wa osteopathia. Leseni ya DO inampa haki zile zile za MD, shahada ya udaktari iliyozoeleka, msisumbuliwe na herufi. Kuna pia ufadhili wa NHSC, mpango wa serikali kuu, kwa raia: wanakulipia ada, nawe unatumikia eneo lenye uhaba wa madaktari, si chini ya miaka miwili. Ila uusome mkataba mstari kwa mstari. Ukiuvunja unadaiwa mara tatu ya walichokulipia, na riba juu. Binti wa miaka ishirini na kitu anaweza kuingia wodi ya upasuaji akapendezwa, na hapo atakuwa ameshajifunga na fani za huduma ya msingi kama hii yetu.

Ndiyo maana namtaka apime sasa. Kliniki ya bure inamwonyesha shukrani za wagonjwa tu. Amfuate daktari siku nzima, hadi ile saa moja jioni anapojibu ujumbe wa wagonjwa, dawa za kuongezewa, bima iliyokataa kipimo. Aone mgonjwa yule yule wa sukari akirudi, kipimo hakijashuka, na daktari anaanza tena mazungumzo yale yale bila kununa. Mimi hapo ndipo raha yangu ilipo, nimewajua watu mpaka wajukuu. Anayetaka tatizo liishe leo atachoka haraka.

Muuguzi, Garland:

Naongeza moja tu. Huyo binti ana uraia au grini kadi? Aliye kwenye viza hapati mkopo wa serikali, na vyuo vingi havimpokei kabisa. Wazazi wengi wanakuja kuligundua hili mtoto keshafanya MCAT.

Mzazi, Arlington:

Asanteni sana. Ni raia, kazaliwa Dallas. Habari ya kulipa mara tatu imemwamsha baba yake usingizini. Daktari, anaweza kuja kukufuata wewe kazini mwezi wa sita?

Daktari wa familia, Fort Worth:

Aje. Atasaini fomu ya siri za wagonjwa, na aje na cheti cha chanjo na kipimo cha TB, utawala hauna mchezo na hayo. Jumatatu ndiyo siku yetu mbaya kuliko zote, basi aanze Jumatatu.