MJADALA: Ukuta wa mgahawa wako upakwe bure na kampuni, au uandike jina lako mwenyewe?

Mleta mada (fundi wa mabango, Temeke)

Wadau, niseme mapema: kazi yangu ni kuandika mabango na kupanga sura ya ndani ya migahawa midogo. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na mimi sitajifanya tofauti.

Mwezi uliopita mama lishe mmoja wa Buguruni aliniita nimwandikie jina. Tukapatana bei, nikapima ukuta, nikachora kwa chaki. Niliporudi Jumatatu na brashi zangu nikakuta ukuta mzima ni mwekundu, nembo ya soda imetanda kutoka mlangoni mpaka dirishani, na jina lake limebanwa juu pembeni, herufi ndogo kama kiganja cha mtoto. Vijana wa msambazaji walipita Jumapili na ndoo zao. Bure kabisa, na jokofu ameahidiwa. Akacheka akaniuliza, "Fundi, ungekuwa wewe ungekataa?"

Swali hilo ndilo ninalolileta. Msimamo wangu: ningekataa, au ningekubali kwa masharti yangu.

Pita barabara yoyote ya Dar uhesabu kuta nyekundu, za buluu na za kijani. Anayepika pilau na anayeuza spea za pikipiki wamevaa sare moja. Mteja akielekezwa "pale penye ukuta mwekundu" atapita kuta tano kabla hajafika kwako, na njaa haina subira hiyo. Halafu hao wenye rangi wenyewe hawadumu na majina yao. Chukua kampuni za simu: ukuta uliopakwa Celtel ulikuja kuwa Zain mwaka 2008, ukawa Airtel mwaka 2010. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas. Mama aliyekuwa anapika ndani hakubadilika jina hata mara moja, ila yeye ndiye ambaye hakuandikwa.

Na tusiishie nje. Mtu huamua ndani kama atarudi. Mimi huanzia pa kunawia mikono, maana ndipo mteja anapofika kwanza: ndoo yenye koki inayofunga sawasawa, sabuni, na maji yanayoenda mahali badala ya kutapakaa miguuni. Kisha taa. Tyubu nyeupe ile ya baridi huufanya mchuzi uonekane wa jana; weka balbu ya mwanga wa njano juu ya meza, rangi ya nyanya inarudi. Ukutani, rangi ya mafuta kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kifua, kwa kuwa hapo ndipo migongo na mikono ya watu inapofika, na inafutika kwa kitambaa. Juu yake rangi ya maji inatosha. Mwisho ubao wa bei. Mgeni anaona haya kuuliza bei mbele ya watu, anasimama mlangoni kidogo kisha anaondoka kana kwamba alikuwa anamtafuta mtu. Akiuona ubao anakaa.

Hayo yote si ya hoteli kubwa. Karibuni mnipinge.

Mama lishe, Mbagala

Fundi mwanangu, nimekusoma huku maharage yanachemka. Unaongea kama mtu mwenye ukuta.

Ukuta wangu ni wa mwenye nyumba, na mkataba wangu ni wa miezi sita. Zamani nilikuwa barabarani. Banda lile nililipaka mwenyewe, kijani na nyeupe, nikamlipa kijana akanichorea samaki wawili, walikuwa wazuri kweli. Oktoba 2021 tulipoondolewa kando ya barabara, samaki wangu walilala chini pamoja na mabati. Tangu siku hiyo sigharamii rangi kwenye kitu nisichoweza kukibeba.

Na hilo jokofu usilichukulie mzaha. Saa saba mchana mtu anaingia kwa ajili ya soda ya baridi, anaona sahani ya jirani, anaagiza. Jokofu kama lile nisingelinunua hata kwa vikoba viwili. Kweli wana masharti, nikiweka maji ya kampuni nyingine wananinunia. Wacha waninunie, jioni nahesabu hela.

Mdau wa Nairobi

Mnabishania ukuta na jina liko mdomoni mwa watu. Mark Zuckerberg, yule wa Facebook, alipokuja hapa Septemba 2016, alikula samaki na ugali kwenye mgahawa wa Mama Oliech. Sidhani alipelekwa huko kwa sababu ya rangi ya ukuta. Pale katikati ya mji kuna mgahawa wa Ranalo Foods. Uliza njia ya kwenda Ranalo, uone vile utaulizwa, "Ni kwa K'Osewe ama?" Jina la mwenyewe limeshinda lile la bango.

Samaki kwanza. Rangi baadaye, kama pesa itabaki. Na kwetu kaunti inataka ada ya bango, kwa hivyo msisahau kuipigia hesabu.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Nairobi, umenipa hoja badala ya kuninyang'anya. Kwa Mama Oliech, kwa K'Osewe: yote ni majina ya watu, si ya kinywaji. Ningependa majina ya namna hiyo ndiyo yaandikwe makubwa. Mama wa Mbagala nitakujibu, naomba nifikirie kidogo, maana umenigusa.

Mwana wa Unguja

Sie huku tuna Forodhani, bustani ya pwani ambako vyakula huuzwa usiku. Bustani ilipofunguliwa upya mwaka 2009 ikarudi nadhifu, na ukienda usiku utawakuta wapishi na kofia zao nyeupe ndefu, meza zimejipanga, taa zinawaka. Inapendeza, sikatai, na wageni hawaishi kupiga picha. Lakini hebu niambieni, mishikaki ya meza hii na ya meza ile mgeni ataitofautishaje? Basi hubaki kuitwa tu, "Rafiki, njoo, rafiki!" Kwa hiyo si kampuni za soda peke yake zinazofananisha watu, hata usafi ukipangwa na mtu mmoja kwa wote hufanya hivyo hivyo.

Muuza urojo wa mtaani kwetu hana hata kibao. Tunamjua kwa baraza lake na kwa foleni.

Mdau wa leseni

Nachomekea moja tu. Wengi wanadhani wakisajili jina la biashara BRELA, ofisi ya usajili wa biashara ya Tanzania Bara, basi hakuna mwingine atakayeligusa. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili, na vinasajiliwa kila kimoja kwa maombi yake. Kwa Zanzibar ofisi ni BPRA. Kama nembo yako imeanza kujulikana, ulizia hiyo ya pili kabla ya kununua ndoo ya rangi.

Mleta mada

Mama wa Mbagala, nimelala nalo. Nakubali, nilikuwa nazungumza na wenye mikataba mirefu. Kwa mtu anayeweza kuambiwa ahame, jina lisikae ukutani. Liwe kwenye vitu unavyobeba: aproni, vitambaa vya meza, vifuniko vya hotipoti, kibao cha mbao cha kuning'iniza ambacho usiku unaingia nacho ndani. Rangi mbili tu, zile zile kila mahali. Hata kijani na nyeupe yako. Na samaki wawili wanarudi, safari hii kwenye kibao.

Ukuta wape. Lakini waambie kabla hawajafungua ndoo: jina langu liwe juu ya mlango, na herufi mimi ndiye nitakayezipima. Wale vijana wanatumwa kupaka eneo, hawakutumwa kugombana na wewe. Yule wa Buguruni nimemrudia, tumewaomba, wametuachia ubavu mzima wa kushoto. Wiki hii naandika.

Mama lishe, Mbagala

Kibao nimekubali. Aproni nashona mwenyewe, cherehani ninayo. Samaki nitakuletea picha, nilikuwa nimewapiga kwa simu kabla hawajabomolewa. Huyo wa kulia alikuwa na jicho kubwa kidogo, usimrekebishe.